Jina Bila Mtu, Mtu Bila Jina
Mhadhara wa hadhara uliotolewa mjini Tunduma, mkoani Songwe

Nimeonywa nisizidi saa moja, kwa kuwa humu ndani kuna wenye malori, na foleni ya mpakani ikisogea haimngoji mtu. Nitajitahidi, ingawa mtu aliyefanya kazi ya ukatibu wa afya miaka mingi amezoea vikao visivyoisha.

Naanza na zahanati moja ya mkoa huu ambayo sitaitaja jina. Nilifika pale asubuhi, umande haujakauka, nikakuta akina mama wamejaa kwenye benchi na wengine wamekaa chini juu ya khanga. Binti mmoja alikuwa anapima watoto uzito, anaandika kadi, anamtuliza mtoto anayelia, anaandika tena.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mfawidhi yupo?"

"Ameitwa halmashauri, kuna mafunzo ya mfumo."

"Na muuguzi?"

"Yupo leba, ana mama tangu alfajiri."

"Na wewe mwenyewe?"

Akacheka kwa aibu kidogo. "Mimi najitolea tu, mzee."

Mazoea ya kazi yana nguvu, nikaomba kitabu cha mahudhurio. Siku ile kilikuwa na majina manne. Matatu kwa kalamu ya wino, likiwemo la mfawidhi aliyesaini akaondoka. La nne, la yule binti, kwa penseli. Nikamuuliza kwa nini penseli. Akanieleza bila kinyongo chochote: aliwahi kuja mtu wa ukaguzi, akasema asiye na cheki namba, yaani namba ya mshahara serikalini, asisaini kitabu cha watumishi. Mfawidhi akaona njia ni hiyo. Mkaguzi akija, wanafuta.

Nimelibeba lile jina la penseli hadi leo, na ndilo lililonileta hapa mbele yenu. Serikali yetu imewekeza nguvu nyingi sana kutafuta jina lisilo na mtu. Nataka tuzungumze juu ya mtu asiye na jina, kwa sababu Tunduma imejaa watu hao pande zote mbili za meza ya zahanati: upande wa anayetibu na upande wa anayetibiwa.

Turudi 2016. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwanzoni mwa mwaka huo, tukakatwa kutoka Mbeya, makao makuu yakawa Vwawa. Machi mwaka huohuo Rais Magufuli aliwaapisha wakuu wa mikoa, wa kwetu akiwa mmoja wao, na akawapa siku 15 wasafishe watumishi hewa katika orodha za mishahara. Kwa hiyo agizo la kwanza kwa mkuu wa mkoa mpya lilikuwa la kupunguza majina. Juni ajira mpya na upandishaji wa vyeo vikasimamishwa nchi nzima ili uhakiki ufanyike. Mkoa unaohitaji ofisi mpya, timu mpya ya afya ya mkoa, hospitali yake ya rufaa, ulizaliwa katika mwaka ambao mlango wa ajira umefungwa na funguo ziko Dodoma na Dar es Salaam. Mtoto aliyezaliwa siku ya mfungo, ndivyo alivyosema mzee mmoja wa Vwawa, na sikuweza kumpinga.

Aprili 28, 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, ikapokelewa ripoti ya vyeti: watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Walikuwemo wa kada za afya. Mniwie radhi wale mliopoteza ndugu kazini siku ile, lakini mimi siwatetei. Cheti cha kughushi ndani ya chumba cha kujifungulia kinaweza kuua. Ninachotaka mkitazame ni mwendo. Jina liliondolewa kwenye orodha ya mishahara kwa tamko la siku moja. Kumpata mtu wa kukaa mahali pale palipoachwa wazi ikawa safari ya miaka, na katika vijiji vingine vya Momba na Ileje bado tuko njiani.

Nawaomba muifuate safari hiyo nami, maana madiwani wengi nimewaona wakimkaripia Mganga Mkuu kwenye baraza kana kwamba ana wakunga kabatini na anawanyima.

Mfawidhi wa zahanati anaona hana mkunga wa pili. Anaandika. Mahitaji yake yanaingia katika ikama ya halmashauri, ile orodha ya nafasi zinazotakiwa na zilizojazwa. Ikama inapanda kwenda Ofisi ya Rais, Utumishi, ambako ndiko kunakotoka kibali. Kibali hakitoki bila Hazina kusema mshahara upo. Kikishatoka, tangazo la kazi halitangazwi na mkurugenzi wa Tunduma. Kwa kada za afya limekuwa likitangazwa kutoka juu, mara na TAMISEMI, mara na Sekretarieti ya Ajira, na waombaji wanapangiwa vituo kwa mfumo wa kompyuta. Kijana wa Tanga anafungua simu, anasoma kwamba amepangiwa Momba. Anatazama ramani. Anayekuja, anakuja na begi na matumaini. Halmashauri inatakiwa imlipe posho ya kujikimu ya siku za mwanzo, na posho ile ikichelewa, basi lililomleta bado liko stendi. Akivumilia mwaka mmoja au miwili anaanza kutafuta uhamisho, na uhamisho nao una wakubwa wake.

Hesabuni mikono iliyogusa faili hilo. Kisha mwaka wa fedha unaisha, mkaguzi anafika, na hoja ya upungufu wa watumishi inaandikwa kwa nani? Kwa mkurugenzi wa halmashauri. Yeye ndiye atakayekwenda mbele ya kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, atasimama, atajibu kwamba "halmashauri imeomba kibali." Jibu ni la kweli, na limekuwa la kweli kila mwaka, na mwaka ujao litakuwa la kweli. Anayeulizwa si anayeamua. Anayeamua haketi kwenye kiti kile siku ile.

Mambo haya yana historia. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, ukaja mpango wa Madaraka Mikoani. Sheria za 1982 zikazirudisha. Tumezirudisha halmashauri na majukumu yao yote ya zahanati, vituo na hospitali, lakini mshahara wa mtumishi na kibali cha kumwajiri vimebaki juu. Imekuwa sawa na kumkabidhi mtu shamba, jembe ukabaki nalo wewe, kisha kila mavuno ukamuuliza mbona kidogo. Wapo wenye sababu nzuri za kushika jembe: ajira zikiachwa wilayani zingejaa wajomba na shemeji, na wilaya tajiri zingenyakua wauguzi wote. Nakubali. Ila nasema aliyeshika jembe naye aulizwe habari za shamba.

Msidhani ni jambo la chama. Tunduma hii, kati ya 2015 na 2020, baraza lake lilikuwa na wengi wa upinzani, na baada ya hapo likawa la chama tawala. Safari ya mkunga haikupunguziwa hata kituo kimoja.

Upande wa fedha, hapo ninayo habari njema zaidi, na ni haki niiseme. Zamani fedha za mfuko wa pamoja wa afya, ule ulioanza 1999 kwa michango ya wafadhili, zilikuwa zinaishia kwenye akaunti ya halmashauri. Zahanati ililetewa vitu: katoni ya glavu, dumu la dawa ya kusafishia, wakati mwingine vitu ambavyo haikuviomba. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 fedha zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kamati ya usimamizi wa kituo, yaani ninyi mlioketi safu ya tatu pale, inakaa, inapanga, inapitisha matumizi. Katika kazi yangu yote sijaona badiliko moja lililompa mwanakijiji nguvu kama hilo. Mjumbe wa kamati ambaye kazi yake ni kuuza mchele wa Kamsamba anaweza leo kumuuliza mfawidhi: hii laki tatu ya ukarabati imekarabati nini?

Lakini kila shilingi inayoingia kituoni inataka mtu wa kuiandika. Kuna mfumo wa mipango, kuna mfumo wa hesabu za kituo, kuna mfumo wa taarifa za wagonjwa, kuna hati za malipo, kuna mzabuni wa dawa pale Bohari ya Dawa inapokosa. Zahanati haina mhasibu wake. Mwandishi wa yote haya ni yuleyule muuguzi aliyekuwa leba tangu alfajiri. Usiku, mtandao ukitulia, anafungua kompyuta au anapanda kilimani atafute mawimbi. Ndiyo maana mfawidhi wangu wa ile zahanati alikuwa kwenye mafunzo ya mfumo siku ile wakati mama anajifungua. Kila mlango wa usimamizi tunaoufungua unachukua saa za mtu yuleyule mmoja, na saa hizo hakuna mkaguzi anayezihesabu kama gharama.

Sasa fedha hizo zinagawanywaje? Kuna vigezo kadhaa, umaskini, umbali wa kuzungukia vituo, hali ya afya ya watoto, lakini uzito mkubwa uko kwenye idadi ya watu. Hapo ndipo Tunduma inapoumia kuliko miji mingi.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 97,562 katika mji huu. Sensa ya 2022 ikahesabu 219,309. Mji umezidi mara mbili ndani ya miaka kumi. Nchi nzima kipindi hicho ilikuwa inaongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Mtu wa mipango aliyeko mbali, asiyewahi kusimama pale kwenye mizani wala sokoni, akichukua kasi ya taifa akaipandisha juu ya 97,562, mwaka wa kumi anapata watu kama 134,000. Anaweka kalamu chini, ameridhika, hesabu yake haina kosa. Watu 85,000 hawamo. Wako hapa, wanaumwa malaria, wanajifungua, wanakula ugali, lakini kwenye karatasi yake hawajazaliwa. Na kuanzia 2022 saa imeanza kuhesabu upya: kila mwaka unaopita, karatasi inazidi kuachwa nyuma na mji, hadi sensa nyingine itakapotukuta tena na mshangao uleule.

Hao ni wakazi, wenye nyumba na wenyeviti wao wa mitaa. Je, wanaopita?

Mpaka huu waliuchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, kwa ajili ya biashara zao wenyewe. Wanyamwanga wako upande huu na wako upande ule, na mazishi ya Nakonde, mji wa upande wa Zambia, yana waombolezaji wa Tunduma. Reli ya TAZARA imepita hapa tangu miaka ya sabini. Barabara kuu inabeba mizigo ya bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo. Oktoba 2019 marais wawili, Magufuli wa kwetu na Lungu wa Zambia, walikuja kuzindua kituo cha pamoja cha mpakani ili lori lisikaguliwe mara mbili. Jambo zuri. Lakini hata kwa kituo cha pamoja dereva analala hapa, siku mbili, siku nne, wakati mwingine zaidi, na anayelala anakula, anakunywa, anapata marafiki, anaumwa. Mkoa wa jirani, Mbeya, ni miongoni mwa mitatu yenye maambukizi makubwa ya virusi vya UKIMWI nchini, pamoja na Njombe na Iringa. Yote inapitiwa na barabara hii. Na Mei 2020 mlishuhudia wenyewe Zambia ilivyoufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa baada ya wagonjwa wa UVIKO-19 kuongezeka upande ule, malori yakajipanga kuelekea Mpemba, na maelfu ya watu wasiomo kwenye sensa yoyote ya mji huu wakawa wageni wa zahanati zake.

Mgonjwa wa namna hiyo anaandikwa wapi? Kitabu cha wagonjwa wa nje cha MTUHA, mfumo wetu wa taarifa za afya, kina safu ya mahali anapoishi mgonjwa. Lakini dereva akiulizwa anaishi wapi, anataja gesti. Mama aliyevuka kutoka Nakonde anataja mtaa wa shangazi yake, kwa sababu anaogopa kutozwa kama mgeni. Mwandishi anaandika alichoambiwa. Safu ipo, ukweli umepita kando yake. Dawa zimetumika, glavu zimetumika, muuguzi ametumika, na mwisho wa robo mwaka takwimu zinasema watu wa Tunduma wanaumwa mno kuliko idadi yao. Nimewahi kumsikia ofisa mmoja akilaumu kituo cha mpakani, si hiki, kwa "matumizi makubwa ya dawa yasiyolingana na idadi ya watu." Alikuwa anasoma karatasi vizuri kabisa.

Niruhusuni nitazame ng'ambo kidogo, maana jirani yako ni kioo chako. Zambia iliondoa malipo ya huduma za msingi vijijini mwaka 2006. Sisi tulianza kuchangia huduma 1993, na wajawazito na watoto chini ya miaka mitano wana msamaha. Mwaka 2022 Zambia iliajiri wahudumu wa afya zaidi ya 11,000 kwa mkupuo mmoja. Sisemi kwao ni peponi. Wauguzi wao nao wana malalamiko yao, waulizeni pale Nakonde. Nasema tu kwamba mlango wa ajira ukifunguka upande mmoja wa mstari, upande wa pili unausikia.

Kuna watu wengine wasio na jina ambao wengi wetu tulikuwa hatuwaoni mpaka walipoondoka. Kwa takriban miaka ishirini huduma za UKIMWI katika Nyanda za Juu Kusini zilibebwa kwa sehemu kubwa na fedha za Marekani. Katika kanda yetu zilipitia mpango wa utafiti wa jeshi lao, ule watu wanaouita Walter Reed. Kwenye kliniki za tiba na matunzo walikuwepo washauri, waingiza takwimu, wauguzi, wafuatiliaji wa wagonjwa waliopotea, wote wakilipwa na mradi. Hawakuwa kwenye ikama. Halmashauri ilipohesabu watumishi wake haikuwahesabu. Ilipohesabu huduma ilizotoa, iliwahesabu. Januari 20, 2025 Rais Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na ndani ya siku chache miradi nchini ikapokea barua za kusimamisha kazi. Baadhi ya fedha zikarudi baadaye, nyingine hazikurudi. Sikuwa na hasira na Wamarekani. Fedha ni zao. Hasira yangu ilikuwa kwetu, kwamba tuliishi miaka ishirini na nguvu kazi ambayo haikuandikwa popote katika vitabu vyetu, hivyo ilipotoweka hakuna kitabu kilichoonyesha pengo. Ikama ilibaki vilevile kama jana yake.

Sasa majengo. Mtaniambia, mzee, lakini tumejengewa. Kweli tumejengewa! Mkopo wa UVIKO wa 2021, shilingi trilioni 1.3, uliweka vyumba vya dharura, mitambo ya oksijeni na vitanda vya wagonjwa mahututi nchini. Tozo ya miamala ya simu, ile iliyotukwaza mwaka huohuo, ilijenga vituo vya afya kwenye tarafa zilizokuwa hazina. Na matunda ya kazi ya miaka hii yapo: utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Asiyefurahia hapo ana lake jambo.

Lakini mwongozo wa ikama wa Wizara wa mwaka 2014 unasema zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Kituo cha afya, 39. Hospitali ya wilaya, 200. Ninyi mnaokwenda zahanati, mmewahi kukuta 15? Mimi nimewakuta wanne, mmoja wa penseli. Kila jengo jipya la kituo cha afya ni deni la watu 39 ambalo halikuandikwa kwenye jiwe la msingi.

Na usimamizi wetu unapenda jengo. Jengo halihami, halina ujauzito, haliombi likizo. Mkaguzi anaweza kulizunguka na futi kamba. Mwenge wa Uhuru unapopita, kiongozi wa mbio hizo anakagua nondo, anadai risiti za saruji, anagonga ukuta kwa rungu, na wakati mwingine anakataa kuzindua, na ninampongeza kwa hilo. Ila sijawahi kuona Mwenge ukizindua mkunga. Sijasikia kiongozi akisema, siondoki hapa mpaka nione watu wa zamu ya usiku.

Hapo nafika kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ofisi iliyotajwa katika ibara ya 143 ya Katiba, na ambayo naiheshimu kuliko nyingi. Kila mwisho wa Machi anamkabidhi Rais ripoti zake, kisha zinawekwa mezani Bungeni, na wiki ile nchi nzima inakuwa na wakaguzi: kila kijiwe cha kahawa kina wake. Halmashauri ikipata hati safi, mkurugenzi anaitangaza, baraza linapiga makofi, na wakati mwingine keki inakatwa. Nimekula keki hiyo. Lakini tujue tunachokula. Hati inayoridhisha inasema kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa kama viwango vinavyotaka na hazina kasoro kubwa. Haisemi mama wa Chiwezi alimkuta mkunga. Halmashauri inaweza kuwa na nusu ya watumishi inaowahitaji na bado ikapata hati safi kihalali kabisa, kwa sababu mshahara ambao haukulipwa kwa mtu ambaye hakuajiriwa hauna kasoro ya kihasibu. Pengo halitoi risiti.

Ofisi hiyohiyo ina ukaguzi wa aina nyingine, wa ufanisi, unaouliza kama fedha na watu vimeleta kilichokusudiwa. Ripoti hizo huzungumzwa kidogo sana vijiweni, kwa kuwa hazina mwizi. Ningependa siku moja ukaguzi wa namna hiyo uichukue miji ya mpakani peke yake, Tunduma, Namanga, Kasumulu, Mutukula, na uulize swali moja: mgao wa watumishi na dawa unamfuata nani, mkazi au mgonjwa? Na hoja zitakazotoka zisiandikwe kwa mkurugenzi pekee. Ziandikwe kwa kila meza ambayo faili la mkunga lililala, kwa jina la ofisi na idadi ya siku lililolala pale. Hakuna sheria mpya inayohitajika kuhesabu siku.

Hadi hapo itakapotokea, baraza la Tunduma lina jembe dogo la kwake. Huu si mji maskini. Mapato ya ndani yanatoka kwenye maegesho, masoko, leseni na ushuru, na mpaka unayakuza. Halmashauri zina ruhusa ya kuajiri kwa mkataba kwa fedha zao pale kibali kinapopatikana, na nyingine nchini zimefanya hivyo. Najua mtu wa fedha ameanza kutikisa kichwa: kuna asilimia 10 ya mikopo ya vikundi, kuna sehemu iliyotengwa kwa miradi ya maendeleo, kinachobaki ni posho na mafuta. Haya, tuanze na posho. Sisemi zaidi, maana nataka nialikwe tena.

Lakini kuna jambo lisilo na gharama hata ya kikombe cha chai, na hilo ndilo ninaloliomba kwa dhati. Taarifa ya robo mwaka ya kamati ya huduma za jamii iwe na jedwali lenye safu tatu zaidi kwa kila kituo: wanaojitolea ni wangapi, wa miradi ni wangapi, na wagonjwa waliotoka nje ya mji ni wangapi. Mgonjwa aambiwe kwamba kusema kweli juu ya anakotoka hakutamwongezea bei, na ahadi hiyo itimizwe. Namba hizo zipelekwe Vwawa, zipelekwe TAMISEMI, zipelekwe Hazina, zibandikwe kwenye ubao wa matangazo nje ya kituo, mahali ambapo siku hizi hubandikwa mapato na matumizi ya fedha za kituo.

Rafiki yangu mmoja wa chama cha wafanyakazi amenipinga vikali juu ya hilo la wanaojitolea. Anasema ukiwaandika unawahalalisha. Serikali ikishaona kazi inafanyika bure, itaajiri kwa nini? Ana hoja, na sina jibu kamili la kumpa. Nilimjibu tu kwamba hivi sasa serikali haioni kitu chochote, kazi bado inafanyika bure, na binti akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa hakuna karatasi inayosema alikuwa kazini siku ile.

Mwaka jana nilipita tena kwenye ile zahanati, safari yangu ilikuwa ya msiba kijiji cha mbele. Benchi limepakwa rangi. Kuna tangi jipya la maji. Muuguzi alikuwa yuleyule, amenenepa kidogo, akanikumbuka, tukasalimiana sana. Nikaomba kitabu cha mahudhurio. Majina matatu kwa wino. Mstari wa nne ulikuwa na jina kwa penseli, juu ya karatasi iliyochubuka kwa kufutwa mara nyingi.

Halikuwa la yule binti. Lilikuwa la kijana mwingine.

"Yule wa kwanza aliajiriwa?" nikauliza.

"Hapana mzee," akasema, "alivuka. Anauza vitenge Nakonde."